Mtoto analazwa msimu wa mafua: wodi imkinge vipi, na mama aangalie nini

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Moshi, Pasua. Mwanangu mdogo ana miezi 7 na amepangiwa upasuaji wa ngiri mwezi wa saba. Juzi nilikwenda hospitali kumwona mtoto wa dada yangu, mlinzi akamzuia getini mwanangu mkubwa wa miaka 5, akasema watoto hawaingii kwa sababu ya mafua. Ndani nikakuta madirisha wazi na baridi yote hii, na mtoto wa kitanda cha pili anakohoa. Mama mkwe anasema watoto watapata kichomi kwa upepo ule, na yeye ameshapanga kuja na mtori pamoja na wenzake wa jumuiya. Naomba kujua hospitali inatakiwa kufanya nini hasa kumkinga mtoto, na mimi nifanye nini nikiwa wodini bila kugombana na wauguzi wala ndugu. (Mama wa wawili, Moshi)

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lile la getini: mlinzi yule alifanya kazi yake vizuri. Na madirisha yale hayakusahauliwa, yaliachwa wazi makusudi. Ukishaelewa sababu ya mambo hayo mawili umeelewa zaidi ya nusu ya kinga ya wodi ya watoto. Yanayobaki ni mikono na vyombo.

Mtoto wa miezi 7 hapandi daladala wala haendi sokoni. Mafua yanamfuata alipo, yakiletwa na mtu aliyembeba, aliyembusu, aliyemshika kidole au aliyemkoholea karibu. Akilazwa, idadi ya watu hao inapanda ghafla. Nyumbani wanaomshika ni wanne au watano; hospitalini ongeza daktari, wauguzi wa zamu zote, anayechukua damu, wanafunzi wa udaktari, mama wa kitanda cha jirani anayekushikia mtoto ukienda chooni, na wageni. Kila kanuni utakayokutana nayo, iwe KCMC, Mawenzi au hospitali ya wilaya, inalenga hapo: watu wanaomfikia mtoto wapungue, na wale wasioepukika wamfikie wakiwa safi.

Kwa umri huu virusi viwili ndivyo vinavyotupa kazi zaidi. Kimoja ni influenza, yenye homa kali na kikohozi, ambayo mara nyingi hufungulia mlango bakteria wa nimonia. Kingine ni RSV. Mtu mzima akikipata hukiona kama mafua madogo ya siku chache, lakini kwa mtoto chini ya mwaka 1 huvimbisha na kuziba vijia vyembamba vya hewa mapafuni, mtoto akashindwa kunyonya kwa sababu anahangaika kupumua. Kwa hiyo shangazi anayesema "mimi nina kimafua tu" anaweza kuwa amebeba RSV bila kujua. Kwetu virusi hivi havina msimu mkali mmoja kama Ulaya, huzunguka karibu mwaka mzima. Ila kuanzia Juni hadi Agosti, wingu likishakaa mlimani, watu hujifungia ndani, na chumba kilichofungwa ndipo mahali rahisi pa kuambukizana.

Hapo ndipo nisipokubaliana na mama mkwe, kwa heshima zote. Upepo hauleti kichomi, kichomi huletwa na vimelea. Mtoto akikohoa, hewani hubaki matone madogo sana, na dirisha likifunguliwa pande mbili za chumba hewa ile husukumwa nje kabla haijavutwa na mtoto mwingine. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida zinazotegemea hewa ya dirishani. Kiasi hicho hakipatikani kwa dirisha moja lililoachwa ufa wa vidole viwili. Yanahitajika madirisha ya pande zote mbili, na mapazia yasiyoziba.

Hata hivyo mama mkwe ana hoja katika jambo moja: mtoto mchanga hupoteza joto haraka, na akipoa hutumia nguvu nyingi kujipasha. Dawa yake ni kumvalisha. Kofia ni ya kwanza, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake. Kisha soksi, nguo mbili au tatu nyepesi badala ya sweta moja zito, na blanketi lake mwenyewe kutoka nyumbani. Mguse kifuani au mgongoni, usimpime kwa vidole vya mikono, ambavyo huwa baridi hata akiwa sawa. Kama upepo unampiga moja kwa moja kitandani, mwambie muuguzi: "Naomba tufunge hili lililo juu ya kitanda, yale mengine yabaki wazi," au omba kitanda kisogezwe. Muuguzi hawezi kukasirishwa na ombi la namna hiyo. Kinachowaudhi, na kwa haki, ni kuamka saa kumi usiku na kukuta mtu amefunga wodi nzima.

Sasa umbali. Matone mazito ya kikohozi na chafya huanguka ndani ya mita 1 hadi 2. Vitanda vinatakiwa viachane angalau mita 1 kutoka ukingo hadi ukingo, na nafasi ikiwa ndogo vichwa hupishanishwa, mmoja alale kichwa upande wa ukuta na jirani yake upande wa ujia. Mwenye mafua makali hupewa chumba cha peke yake kama kipo. Kisipokuwepo, wenye ugonjwa mmoja hukusanywa kona moja, na muuguzi anayewahudumia asiwe anaruka kutoka kona ile kwenda kwa waliofanyiwa upasuaji bila kunawa. Mtoto hubaki katika tahadhari hiyo siku 7 tangu dalili zianze, au saa 24 baada ya homa na kikohozi kuisha, muda upi ulio mrefu zaidi.

Najua pia kuna siku wodi hujaa na watoto wawili hulazwa kitanda kimoja. Ikitokea kwako, usiulize jirani anaumwa nini, hiyo ni siri yake. Sema la kwako: "Sista, mwanangu anasubiri upasuaji na hana mafua. Naomba asilale na anayekohoa." Ombi hilo lina uzito wa kitaalamu na muuguzi ataelewa mara moja. Mtoto wako anapaswa kuwa na wagonjwa wa upasuaji, mbali na wenye matatizo ya kifua. Ukipelekwa upande wa kifua kwa sababu nafasi zimejaa, uliza kama inawezekana aje asubuhi ya upasuaji badala ya kulala siku mbili kabla. Kila usiku unaopunguzwa wodini ni hatari iliyopunguzwa.

Turudi kwa mwanao wa miaka 5. Mtu mzima mwenye influenza hutoa virusi tangu siku moja kabla ya kuumwa hadi siku ya 5 au ya 7. Mtoto huweza kuendelea hadi siku 10 na zaidi, na kwa wingi kuliko mtu mzima. Juu ya hapo hafuniki mdomo, anajifuta kamasi kwa kiganja na kukipeleka kwenye reli ya kitanda. Anaweza kuonekana mzima kabisa getini asubuhi na kuamka na homa kesho yake, akiwa tayari ameshagusa vitanda sita. Hakuna mlinzi anayeweza kumtambua mtoto huyo kwa macho. Ndiyo maana hospitali nyingi huweka mpaka wa umri, mara nyingi miaka 12, kisha wakati wa mafua huukaza. Mwache kwa jirani au kwa bibi, umpigie simu ya video amwone mdogo wake.

Kuhusu mtori: mtori uje, watu wabaki. Panga watu wawili tu watakaopokezana kukusaidia, wawe walewale tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja anapokea chupa ya mtori getini na kuingia nayo, wengine wanasali nyumbani au kwa simu. Ukimweleza mama mkwe, usimwambie amekatazwa. Mpe kazi: yeye ndiye atakayeangalia nyumba na mtoto mkubwa, na yeye ndiye atakayehakikisha hakuna mwenye mafua anayekuja hospitali. Wakwe wengi wakipewa zamu ya kulinda huwa wakali kuliko mlinzi wa geti. Aliyepata homa na kikohozi asikanyage wodini kabla ya siku 7, na hata baada ya hapo awe amemaliza saa 24 bila homa na bila kumeza paracetamol. Hilo la paracetamol watu hulisahau. Dawa inashusha homa kwa saa chache, mtu anajiona amepona na kuingia wodini akiwa katika siku zake za kuambukiza zaidi. Kanuni hiyo inawahusu pia watumishi, na mkuu wa wodi anapaswa kumrudisha nyumbani muuguzi au daktari anayepiga chafya badala ya kumsifu kwa kujitolea.

Barakoa nayo huvaliwa vibaya kuliko inavyovaliwa vizuri. Inafunika pua na mdomo pamoja, ile waya ya juu inabanwa puani, na ukishaivaa huishiki mbele. Ikilowa, itupe. Ukiishusha kidevuni ili unywe chai kisha ukaipandisha, upande wa ndani umeshagusa ngozi ya kidevu na shingo, afadhali uvae mpya. Mtoto wa chini ya miaka 2 havalishwi barakoa kamwe, kwa sababu hawezi kuivua na inaweza kumziba pumzi. Kwake yeye barakoa ni ile unayovaa wewe. Na tafadhali usimfunike uso kwa kanga ili "asipate virusi": anavuta hewa yake mwenyewe, na wewe huoni tena rangi ya midomo yake.

Mikono ndiyo ningependa uishikilie kuliko yote, kwa sababu ndipo kinga inapovujia bila mtu kugundua. Virusi vya influenza huweza kubaki hai kwenye chuma na plastiki kwa saa 24 hadi 48, na kwenye nguo na karatasi saa 8 hadi 12. Reli ya kitanda, kitasa cha mlango, swichi ya taa, kabati la pembeni, simu yako: vyote hivyo ni njia. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka huchukua sekunde 40 hadi 60 tangu kulowesha hadi kukausha. Sehemu zinazosahaulika ni kidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole, na ncha ndizo zinazoingia mdomoni mwa mtoto. Baada ya kunawa, usifunge bomba kwa kiganja ulichotoka kukisafisha. Tumia kiwiko, au karatasi uliyojifutia. Taulo la pamoja linaloning'inia karibu na sinki lisikushawishi, acha mikono ikauke hewani. Maji yakikatika, kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi kinatosha kama mikono haina uchafu unaoonekana: jaza kiganja, sugua sekunde 20 hadi 30 hadi ikauke yenyewe. Ukiifuta na kanga kabla haijakauka umekatiza kazi yake.

Wauguzi na madaktari wana nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (kile kimrija cha kwenye mshipa), baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Glavu hazichukui nafasi ya hilo. Mtumishi aliyevaa glavu zilezile kutoka kitanda cha 3 hadi cha 7 amejikinga yeye, na amewaunganisha watoto watano. Ukiliona, una haki ya kusema, na namna ya kusema ipo. Shika chupa yako ya kitakasa na umwambie: "Daktari, samahani, naomba nikuwekee kidogo, mwanangu ana upasuaji." Wengi watashukuru. Wodi nzuri huwaambia wazazi siku ya kwanza kwamba wanaruhusiwa kukumbusha.

Vyombo ni sura ya peke yake. Angalia vile vinavyozunguka kutoka mtoto hadi mtoto: stetoskopu, kipimajoto, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, utepe wa kupima mkono, mizani. Vyote vinapaswa kufutwa kwa alkoholi ya asilimia 70 kati ya mtoto na mtoto, na hiyo ni kazi ya sekunde 10. Kinachosahaulika zaidi ni suruali ya mizani ya kuning'iniza, ile ya kitambaa au plastiki ambayo mtoto huvalishwa ili apimwe. Wanavalishwa watoto kadhaa asubuhi moja, wengine wana mafua, wengine wameilowesha, na wengi hutafuna kile kikanda cha juu kinachowapitia karibu na mdomo. Ningependa kila mama aje na kitenge chake kisafi cha kutandika ndani ya suruali hiyo kabla mtoto hajaingia, au amvalishe mwanawe baada ya kuona imefutwa. Kwa mizani ya kulaza, tandika kanga yako, omba mizani irudishwe kwenye sifuri, ndipo umlaze.

Mrija wa oksijeni wa puani ni wa mtoto mmoja, na barakoa ya mashine ya mvuke wa dawa pia. Kama mtoto anatumia pampu ya dawa ya kifua, kile chombo cha kati kinachotengenezwa kwa chupa ya plastiki ya mililita 500 kiandikwe jina na kiende naye nyumbani. Maji ya kwenye chupa ya kuloanisha oksijeni hubadilishwa kila siku, kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotoneshwa. Usiongeze wewe maji ya bombani ukiona yamepungua, mwite muuguzi. Midoli ya manyoya ibaki nyumbani. Mletee kitu kigumu kinachooshwa, kijiko cha plastiki kinatosha kabisa kwa miezi 7, na kisiazimwe. Simu unayompa achezee ifutwe kama stetoskopu inavyofutwa.

Usafi wa wodi una hesabu yake, nami huona inakosewa mara nyingi. Jiki ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 3.5 hupunguzwa mililita 30 kwa lita 1 ya maji ili ipatikane dawa ya asilimia 0.1 ya kufutia reli, makabati, vitasa na sakafu. Kwa ndoo ya lita 10 ni mililita 300. Palipomwagika damu hutumika kali zaidi, asilimia 0.5, yaani kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji. Kwanza sehemu hiyo isafishwe kwa maji na sabuni, kwa kuwa uchafu hula nguvu ya klorini iliyomo kwenye jiki, kisha isuuzwe, ndipo dawa ipakwe na kuachwa imelowa dakika 10. Kuipaka na kuifuta papo hapo ni kupoteza jiki. Dawa huchanganywa upya kila siku, ndoo ikiwa na kifuniko na mbali na jua, na haichanganywi na siki, tindikali wala dawa nyingine ya choo kwa sababu hutoa gesi inayoumiza mapafu. Dekio la chooni lisiingie wodini, liwe na rangi yake au alama. Na kufagia kavu kwa ufagio hakufai wodini, huinua vumbi na vilivyomo. Kudeki ndiko sahihi. Wewe mwenyewe, kila asubuhi, pitisha kitambaa chenye dawa hiyo kwenye reli za kitanda chake na juu ya kabati, kama wodi inaruhusu. Usimnyunyizie mtoto wala nguo alizovaa.

Sasa upande wako kabla ya siku yenyewe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usifiche mafua. Kina mama wengi huogopa kupoteza tarehe, hivyo mtoto akianza kukohoa siku tatu kabla, wanampa dawa ya kikohozi na kunyamaza. Njia za hewa za mtoto mwenye mafua huwa zimechokozeka. Akipewa dawa ya usingizi zinaweza kubana ghafla, oksijeni ikashuka, na makamasi yakaziba mrija wa kupumulia. Hali hiyo ya kuchokozeka huendelea hata wiki kadhaa baada ya pua kukauka. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi anaweza kuahirisha upasuaji kwa wiki 2 hivi kama ni mafua ya kawaida, na wiki 4 hadi 6 kama kifua kilihusika. Piga simu au nenda mapema, sema ukweli wote: lini ilianza, homa ilifika ngapi, kuna mlio kifuani au la.

Ngiri ya mtoto mdogo nayo haipendi kusubiri sana, kwa sababu utumbo unaweza kukwama ndani yake. Kwa hiyo uamuzi wa kuahirisha ni wa kupima hatari mbili, na ni wao watakaoupima, si wewe peke yako nyumbani. Katika kipindi chote cha kungoja, uvimbe ukiwa mgumu, ukikataa kurudi ndani hata akiwa ametulia, akilia bila kubembelezeka, akitapika au ngozi ya juu ikibadilika rangi, nenda hospitali saa hiyohiyo, mafua yawepo yasiwepo. Hiyo ni dharura.

Wiki 2 kabla, punguza mikusanyiko kwake. Asipelekwe kwenye harusi wala matanga, na ibada mchukue kaka yake peke yake. Mwanao mkubwa akirudi shule anawe mikono na kubadilisha sare kabla ya kumshika mdogo. Jiko la mkaa lisiwashwe chumba anacholala mtoto hata usiku wa baridi kali: moshi huchokoza njia zilezile tunazozilinda, na hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua.

Angalia pia kadi yake ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 ziwe zimekamilika, hasa ile ya nimonia na ile ya pamoja yenye kinga ya kifaduro, kwani hizo huziba mlango wa pili ambao influenza huufungua. Chanjo ya influenza yenyewe haimo katika ratiba ya taifa ya watoto wachanga. Ukiipata hospitali ya kulipia, huanzia miezi 6, na kwa mara ya kwanza mtoto wa umri huu huhitaji dozi 2 zinazopishana angalau wiki 4, kisha kama wiki 2 kinga ikomae. Ukihesabu, kwa upasuaji wa Julai ungetakiwa kuanza Mei. Kama wakati hauruhusu, chanjo ya watu wazima wanaomlea ina faida, nao huhitaji dozi 1 tu. Muulize daktari wa upasuaji umbali unaofaa kati ya sindano na siku ya upasuaji, kwa kuwa homa ya chanjo ya siku moja au mbili inaweza kuchanganywa na homa ya ugonjwa.

Na wewe ukipata mafua ukiwa wodini? Endelea kumnyonyesha. Influenza haipiti kwenye maziwa, na maziwa yako yana kinga anayoihitaji. Vaa barakoa, nawa mikono na safisha titi kama umelikoholea, mnyonyeshe, kisha mlaze mbali kidogo na uso wako. Ukizidiwa, kamua, mtu mzima wa zamu ampe kwa kikombe na kijiko vilivyochemshwa. Mwambie muuguzi siku hiyohiyo ili apange kitanda chenu upya, usiogope kufukuzwa.

Influenza hujitokeza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo mtoto aliyeingia mzima akapata homa na kikohozi kuanzia siku ya 3 wodini huenda aliyapata humohumo, na hilo liripotiwe ili wengine wachunguzwe. Akiruhusiwa, kipindi hicho cha siku 4 mnarudi nacho nyumbani, hivyo endelea kumwangalia.

Homa ikipanda, paracetamol inatosha. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 8 hupata miligramu 120, ambazo ni mililita 5 za sirapu iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Soma chupa, kwa sababu zipo zenye miligramu 250, na hapo mililita 5 ni mara mbili ya anachohitaji. Pima kwa bomba la sindano, vijiko vya chai havilingani. Aspirini usimpe mtoto kabisa, ikikutana na influenza huweza kuharibu ini na ubongo. Antibaiotiki haziui virusi, akiandikiwa ni kwa sababu daktari ameona dalili za bakteria. Ipo dawa ya influenza iitwayo oseltamivir, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48, na kwa mtoto aliyelazwa daktari anaweza kuianza hata baada ya hapo. Hiyo haitafutwi duka la dawa kwa kukisia.

Jifunze kuhesabu pumzi sasa, akiwa mzima. Akiwa ametulia au amelala, vua nguo ya juu, tazama tumbo, hesabu dakika 1 nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto hupumua kwa vipindi. Kuanzia miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni haraka mno. Akishatimiza mwaka 1, ni 40. Ukiona nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, pua zinapanuka, anakoroma au kutoa mlio akiwa ametulia, midomo inakuwa ya bluu, hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea hata hajali ukimwita, au amepata degedege, usingoje asubuhi. Nenda kituo cha karibu, mweleze wa mapokezi kwa sentensi moja: alifanyiwa upasuaji tarehe fulani, alilala wodi fulani, homa ilianza saa fulani. Mtoto wa namna hiyo hapangi foleni ya kawaida, na muuguzi wa mapokezi akisikia hayo atampitisha mbele. Kidonda chake nacho kiangaliwe, na apimwe malaria, hata kama kila mtu pale anasema ni mafua tu.